Naomba ushauri: nataka kuifunga magurudumu meza yangu nyepesi ya chuma

Habari za jioni wakuu. Nina meza ya kazi niliyochomelea mwenyewe kwa skwea paipu ya inchi moja na nusu, unene milimita 1.5, juu nimeweka mbao. Ni nyepesi, watu wawili tunaibeba bila shida. Tabu ni kwamba nafanyia kazi barazani na kila jioni lazima iingie ndani. Nikiwa peke yangu naiburuta, na sasa mguu mmoja umeanza kupinda pale chini, saruji imekwangua rangi yote.

Nimefikiria magurudumu manne ya inchi 3, yote yenye breki. Wasiwasi wangu ni jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa juu ya meza. Nikibana chuma na kukata kwa msumeno, meza inatikisika hata sasa ikiwa imesimama kwa miguu yake. Juu ya magurudumu si itanikimbia? Breki ya kawaida inazuia gurudumu lisibiringike, lakini gurudumu la aina inayogeuka pande zote bado linacheza kwenye shingo yake.

Wazo la pili ni magurudumu mawili tu, upande mmoja, yakae milimita chache juu ya sakafu, yaguse chini pale tu ninapoinua upande wa pili kama toroli. Hili nalipenda zaidi.

Je, kwa paipu nyembamba hivi nichomelee kipande cha fleti ba (chuma bapa) kwanza ndipo nifunge bolti, au moto utaitoboa? Aliyewahi kufanya anielekeze, hata picha itanisaidia sana. Natanguliza shukrani.