Mchawi yupi abebe hadithi: mzee wa fimbo, binti wa shule, fundi wa kanuni au mganga wa kijijini?

Mwandishi_Uyole

Wadau, kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Tukuyu, na wengine wote poleni na baridi.

Naandika hadithi ya mfululizo, naituma sehemu kwa sehemu kwenye kundi la wasomaji la WhatsApp. Nchi ni ya kubuni, ila atakayesoma atajua tu ni huku kwetu: ukungu hadi saa nne asubuhi, mashamba ya viazi na pareto, ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano kama Ziwa Ngozi. Kila kitu kipo. Kilichonishinda ni mhusika mkuu mwenye nguvu. Ninao wanne na lazima watatu niwaache.

Kuna mzee msafiri mwenye fimbo, anakuja na kuondoka, hakuna ajuaye kwao. Kuna binti aliyeitwa shule ya siri akafundishwe. Kuna kijana ambaye nguvu zake zina kanuni kama za fizikia, ukijua kanuni unajua anachoweza na asichoweza. Na kuna mama mganga wa kijijini, anatibu mifugo, anatuliza upepo, wakati wa njaa anasingiziwa.

Nani anaweza kubeba sura nyingi bila kuchosha?

Fundi_Mwanjelwa

Kijana wa kanuni, wala usijiulize. Mimi nachomelea vyuma kutwa, na kitabu kilichonifanya nipende hadithi hizi ni Mistborn ya Brandon Sanderson, 2006. Mtu anameza vipande vya metali kisha "anavichoma" tumboni, kila metali na kazi yake. Chuma cha pua kinasukuma metali nyingine, chuma cha kawaida kinavuta. Sasa tazama utamu wake: ukisukuma sarafu iliyoko hewani, inaruka kama risasi. Ukisukuma sarafu iliyolala chini, ardhi haisogei, kwa hiyo unayeruka ni wewe. Ukijaribu kusukuma kitu kizito kukuzidi, unatupwa ukutani. Mwandishi hajakudanganya hata kidogo, kila ushindi unaweza kuukagua.

Hao wengine watatu wakibanwa, mwandishi anawatolea nguvu mpya mfukoni. Msomaji anaona ameibiwa.

Mwalimu_Kihesa

Fundi, nimekuelewa, ila hapo umemsahau msomaji asiyekuwa fundi. Sura tatu za kueleza metali gani inafanya nini, mama yangu angekuwa ameshalala.

Kuhusu mzee wa fimbo nina neno. Kila mtu anamchukua kwa Gandalf, mchawi mzee wa riwaya za Tolkien, halafu anamharibu kwa kumfanya mhusika mkuu. Tazameni Tolkien alivyomtumia. Katika The Hobbit (1937), Gandalf anawaacha wenzake mlangoni mwa msitu wa Mirkwood, palepale shida inapoanza. Katika The Lord of the Rings anaangukia shimoni Moria, na kwa muda mrefu wenzake wanatembea wakijua amekufa. Hiyo si bahati mbaya. Mzee mwenye nguvu nyingi akibaki jukwaani, wadogo hawana la kufanya. Tena yeye ni mmoja wa watano waliotumwa wakakatazwa kutawala watu kwa nguvu. Kazi yao ni kuwatia watu moyo wapigane wenyewe. Huyo ni mshauri, si mhusika mkuu. Mpe sura chache, kisha mpeleke safari.

Jambo ninalolipenda kwake ni dogo: kule kwa Hobbit, wale watu wafupi wa Tolkien, wanakijiji wengi hawamjui kama mtu mkubwa. Wanamjua kwa fataki zake za sherehe. Hilo ungeweza kulichukua, mzee anayeshika hatima ya dunia halafu watoto wanamkimbilia kwa sababu ya pipi.

Binti_Njombe

Shikamoo mwalimu. Mimi nasimama na binti wa shule, na mtanicheka, lakini nani hapa hakusoma bweni? Harry Potter (kitabu cha kwanza 1997) kilinishika sehemu ya barua ya kujiunga tu, na orodha ya vitu vya kwenda navyo. Mimi yangu ilikuwa na jembe, ndoo mbili na ufagio wa chelewa. Yeye mwaka wa kwanza kakatazwa kuwa na ufagio wake 😂

Kuanzia hapo kila kitu kinaeleweka: kiranja mnoko, mwalimu anayekuchukia bila sababu, chakula. Msomaji anajifunza uchawi pamoja na mhusika, darasani, kwa hiyo lile somo refu la metali halihitajiki.

Mwalimu_Kihesa

Marahaba binti. Hoja ya darasa nimeipokea. Wasiwasi wangu ni ukuta. Shule ile imejificha, na wachawi wote wa Uingereza wana sheria ya kujificha kwa watu wa kawaida. Hadithi ikiingia getini, kijiji chote cha Mwandishi, viazi, ukungu, ziwa, vinabaki nje. Sasa kavibuni vya nini?

Mteule_wa_Bwana

Watu wazima mnajadili wachawi. Hii nchi ina kazi kweli. Tumrudieni Mungu.

Mwalimu_Kihesa

Ndugu Mteule, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert uliisoma? Ndugu wawili wanageuzwa manyani na jini, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Kitabu ni cha 1952, vizazi vimekisoma darasani, na hakuna aliyeacha ibada. Hadithi ni hadithi.

Mjukuu_wa_Rungwe

Mama mganga. Nitaeleza kwa nini, mnivumilie kidogo.

Kwetu Rungwe wazee walikuwa na mambo ambayo riwaya nyingi za nje haziyafikii. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti wa mila, walikaa huku miaka ya 1930, na Monica akayaandika baadaye katika kitabu Good Company, 1951. Wanyakyusa walisema mchawi ana chatu tumboni. Huyo chatu ndiye anayemtuma usiku kula nyama na maziwa ya wengine. Lakini kijijini walikuwepo pia walinzi, abamanga, wanaowaona wachawi ndotoni na kupigana nao, na nguvu ya walinzi hao ilitoka palepale, kwenye chatu. Mtu akikosea wazazi au akiwanyima majirani nyama, majirani walimnung'unikia, na ile "pumzi ya watu" ikamletea homa. Ile ilikuwa adhabu halali, haikuhesabiwa uchawi.

Umeona? Nguvu ni moja. Kinachomtenga mlinzi na mchawi ni kama kijiji kinakubaliana naye. Leo wanakuita mlinzi, mwakani mvua ikikosa wanakuita kitu kingine, na wewe hujabadilika hata kidogo. Hapo ndipo hadithi ilipo. Kanuni za Fundi zinatuambia mtu anaweza nini, hazituambii jirani yake anamtazamaje akipita kisimani.

Fundi_Mwanjelwa

Sawa, lakini huyo mama akibanwa pembeni, msomaji atajuaje kwamba hawezi kuwachoma maadui wote kwa neno moja? Jirani hamzuii mtu kuchoma.

Mjukuu_wa_Rungwe

Ursula Le Guin alishalitatua hilo mwaka 1968, katika riwaya yake A Wizard of Earthsea. Ged ni mchunga mbuzi wa kijiji cha Ten Alders, shangazi yake ndiye mchawi wa kijiji. Mara ya kwanza anayatamka maneno aliyoyasikia kwa shangazi, mbuzi wanamjia wote, wanambana, hawamwachi, naye anaogopa. Baadaye wavamizi wanakuja, yeye anausuka ukungu, wanapotea ndani yake na kijiji kinapona. UKUNGU, Mwandishi. Uko Uyole halafu unatafuta metali? Na baada ya hapo mtoto hali, halali, hasemi, mpaka Ogion, mchawi mwenye hekima, anakuja kumrudisha. Nguvu imemkausha. Kikomo kipo, ila umekihisi mwilini mwa mtu, hukupewa jedwali.

Kisha akiwa mkubwa anaajiriwa na watu wa visiwa vidogo awalinde na majoka. Anaishi nao. Rafiki yake Pechvarry, mtengeneza mashua, ana mtoto mgonjwa. Ged anajaribu kumrudisha, anamfuata hadi nchi ya wafu, anashindwa, na yeye mwenyewe nusura asirudi. Mtoto wa jirani! Gandalf hana jirani wa kumpoteza hivyo.

Wakili_Mtarajiwa

Niongeze kipande cha sheria, maana naona mama mganga anaelekea kushinda. Tunayo Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ya tangu 1928, enzi za Mwingereza. Watu wengi wanadhani inamshika mchawi peke yake. Kumtaja mtu kuwa mchawi mitaani pia ni kosa. Na kuna kifungu kinachompa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa akaishi mahali fulani na awe anaripoti.

Fikiria kwenye hadithi: mama hajafungwa, hajachomwa, amepewa tu barua yenye mhuri ahamie kata nyingine. Anaanza upya kwa watu wasiomjua, na ukungu wa kule haumsikii. Hakuna joka linalotisha kama karani mwenye mhuri.

Mwandishi_Uyole

Wakili, hiyo naichukua kesho asubuhi 🙌

Dada_Ipogolo

Mimi natoa tahadhari moja na pendekezo moja. Mkiandika mganga wa Kitanzania, msipite juu juu kwenye damu. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika nchi hii kwa sababu ya waganga waliouza bahati, mpaka serikali ikapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Msomaji wako anaweza kuwa na ndugu aliyefichwa ndani utoto mzima kwa hofu hiyo. Kwa hiyo dawa ya mama huyo itoke wapi? Amua mapema, uiandike wazi.

Pendekezo: someni Akata Witch ya Nnedi Okorafor, 2011. Sunny, binti wa Nigeria, ana ualbino, na nguvu ni zake mwenyewe. Tena kuna jambo zuri: mtu akijifunza kitu cha kweli, vinaanguka vipande vya metali vinavyotumika kama pesa, vinaitwa chittim, na vya shaba ndivyo vyenye thamani zaidi. Kujifunza ndiyo mshahara. Binti_Njombe utakipenda, yeye na wenzake wanasoma, ila kwa mwalimu wao wanakwenda usiku, na asubuhi wanawahi shule ya kawaida. Ule ukuta aliousema Mwalimu Kihesa haupo.

Binti_Njombe

Dada asante, nimepata pa kujishikiza. Basi pendekezo langu jipya: mama mganga awe na mwanafunzi. Binti wa kidato cha pili, mchana yuko shule ya kata, jioni anakwenda kwa mama. Simwachi binti wangu hivihivi.

Fundi_Mwanjelwa

Na mimi naomba kanuni moja tu. MOJA. Mfano: ukungu haumsikii nje ya bonde alilozaliwa. Wakili amesema anahamishwa, sasa tunajua kwa nini barua ile ni msiba. Hapo hata mimi nasoma.

Mwandishi_Uyole

Nimeamua. Mama mganga ndiye anayebeba, binti wa Njombe anaingia kama mwanafunzi (usinidai haki miliki), na kanuni ya Fundi naiweka: ukungu ni wa bonde, ukivuka mto haukujui. Mzee wa fimbo anakuja sura ya pili tu, anauza fataki mnadani, na mwalimu Kihesa atamtambua. Kijana wa metali pole yake, nitamtafutia hadithi nyingine.

Dawa: majani na maji ya ziwa, na hachukui chochote kutoka mwili wa mtu. Nitalisema sura ya kwanza, kupitia mteja anayekuja kutaka "ile nyingine" na kufukuzwa hadi barabarani.

Kilichobaki ni malipo. Analipwa nini?

Mjukuu_wa_Rungwe

Kuku kabla ya kazi, na debe la mahindi baada ya kupona. Asiyepona hadai kuku wake.

Wakili_Mtarajiwa

Kuku mpe namba, atakuja kuwa kielelezo mbele ya mkuu wa wilaya.