Kivumbasi: gumzo la kikundi cha ukoo

*Salma:* Shikamooni wakubwa. Vipandikizi vya kivumbasi vinakuwa vyeusi chini ndani ya siku tano, kisha majani yanalegea. Maji napiga asubuhi na jioni. Nakosea wapi?

*Shangazi Rehema:* Marahaba mwanangu. Vimeoza. Umechomeka kwenye nini?

*Salma:* Samadi tupu, ishike unyevu.

*Mjomba Athumani:* Ehee! Samadi mbichi inaunguza kidonda cha shina. Mchanga na udongo nusu kwa nusu, kopo litobolewe chini. Maji mara moja, na usirudie mpaka udongo wa juu uonekane mkavu.

*Shangazi Rehema:* Na shina lenyewe uchague. Changa, lisilo na ua, sentimita 10 hadi 15, ukate chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Toa majani yote ya chini, juu bakiza manne tu, makubwa uyakate nusu. Lililochanua halishiki mizizi upesi, nguvu yote imeenda kwenye mbegu. Tundu litobolewe kwa kijiti kwanza, ukisukuma shina kavukavu unalichubua.

*Mjomba Athumani:* Kivulini wiki mbili. Baada ya hapo vuta kidogo kwa vidole, likikugomea limeshika.

*Baraka:* Si bora mbegu?

*Shangazi Rehema:* Bora kama huna haraka. Ila usizifukie, zinataka mwanga. Nyunyiza juu, kandamiza kwa kiganja, maji ya kupuliza. Ukimwaga kwa kopo zote zinahamia kona moja.

*Salma:* Nafasi?

*Mjomba Athumani:* Sentimita 60. Hiki si rihani jamani, rihani huchanua na kufa. Kivumbasi kinakuwa kichaka, shina linakuwa la mti, kinaweza kukupita urefu. Kikifika sentimita 20 bana ncha kitoe matawi. Ukivuna, usichukue zaidi ya theluthi moja kwa mara moja.

*Baraka:* Nasikia ukikiweka dirishani mbu hawaingii 😀

*Shangazi Rehema:* Kikisimama tu hapo, hakitoshi kuzuia mbu. Mafuta yamo kwenye vifuko vidogo vya jani, hayatoki kwa wingi bila kupondwa au kupata joto. Ndiyo maana watu huweka matawi mabichi juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Yakiwaka moto umeshaharibu, harufu imeungua umebaki na moshi. Madirisha wazi, na mwenye pumu asikae humo.

*Mjomba Athumani:* Na chandarua kiko palepale.

*Mama Zuhura:* Kwa wadudu wa ghala la maharage je?

*Shangazi Rehema:* Hapo majani makavu, tena makavu kweli, yanayosagika kiganjani. Kausha kivulini, mashada ya vijiti sita au saba, vichwa chini. Shada nene linaota ukungu katikati huku nje linaonekana zuri. Juani jani linakauka upesi lakini harufu inaondoka na jua. Maharage nayo yakauke kwanza: ukiling'ata likabonyea badala ya kupasuka, rudisha kwenye mkeka. Harufu ikififia gunia libadilishiwe majani.

*Mama Zuhura:* Chai?

*Shangazi Rehema:* Majani mabichi manne kwa kikombe, maji ya moto juu, funika dakika tano. Usichemshe, mvuke unabeba harufu na kuacha uchungu. Wajawazito waache.

*Salma:* Ahsanteni. Kuna kimoja cha jirani kimeshachanua chote, nikiombe mbegu?

*Mjomba Athumani:* Ngoja vikonyo vya maua viwe kahawia kuanzia chini. Vikate kukiwa hakuna umande, tia kwenye bahasha ya karatasi, sugua siku ya tatu, upepete makapi taratibu maana mbegu nazo ni nyepesi. Mfuko wa plastiki usitumie, utazikuta na ukungu.