Mbegu ya kabichi ya dume tasa: nipande au nirudishe?

Mkulima wa Gede: Asalaam aleikum. Nimenunua pakiti ya kabichi F1, yaani chotara, kwa agroveti hapa Malindi. Kijana akaniambia mmea mama wa mbegu hii ni tasa upande wa dume, ua halina chavua. Ndiyo hiyo GMO, mimea ya kubadilishwa jeni, ambayo serikali yetu ya Kenya iliiondolea marufuku 2022? Nipande au nirudishe?

Shela Kwetu: Rudisha! Chakula tasa, mlaji tasa. Vijana siku hizi wanaoa, miaka mitatu, kimya.

Bi Mnavu: Kaka, ya vijana usiitwike kabichi. Utasa huo Ogura, Mjapani, aliuona kwenye figili mwaka 1968. Wafaransa wakaja kuunganisha seli za figili na za jamii ya kabichi. Mwanzoni miche ilikuwa ikigeuka njano kwenye baridi, wakairekebisha. Mama akikosa chavua yake, nyuki humletea ya jirani tu, basi mbegu yote ni chotara. Sheria ya Ulaya haiibani kama GMO, ingawa wakulima wa Demeter, chama cha kilimo hai kule Ujerumani, hawaitaki.

Shela Kwetu: Seli zimeungwa maabara halafu si GMO? Haya. Na kabichi yenyewe si chakula chetu, imekuja na malori ya bara. Wazee wetu walikula kisamvu cha nazi.

Kinangop Hadi Baharini: Malori ya bara yamekukosea nini? Wanaonigombania sokoni alfajiri ni wajukuu wa wazee hao hao. Pilau zenu za harusi, kachumbari yake kabichi yangu!

Bi Mnavu: Na muhogo, Shela, ulitoka Amerika ya Kusini kwa jahazi za Wareno. Kamuulize Vasco da Gama, nguzo yake si iko hapo kwenu Malindi?

Shela Kwetu: Muhogo tushauoa, ni wetu. Lakini kachumbari ya kabichi? Huo ni utovu wa adabu.

Bi Mnavu: Hapo tu nakuunga mkono.

Mwana Lamu: Mimi utasa haunitishi, kinachoniuma ni kurudi dukani kila msimu.

Bi Mnavu: Ulikuwa ukiweka mbegu lini, shekhe? Kabichi haitoi ua mpaka ipigwe na baridi wiki kadhaa. Kwa joto letu hili hata ile Copenhagen Market, kabichi ya zamani isiyo chotara, ua lake utalingoja mpaka uzeeke.

Mwana Lamu: Sawa. Ila kachumbari hutiwa embe.

Mkulima wa Gede: Jamani, kitalu nishakimwagilia maji. Nipande?

Kinangop Hadi Baharini: Embe bichi au bivu?