Neno "sanction" linaidhinisha na linaadhibu: waandishi wa kanuni na wafasiri, mnatuumiza!

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Neno la Kiingereza "sanction" lina maana mbili zinazopingana, yaani kuliidhinisha jambo na kuliadhibu, na bado linatumiwa ovyo katika kanuni, mikataba na taarifa za habari. Likifika kwenye Kiswahili, wafasiri wengi huligeuza kuwa "vikwazo" kila wanapoliona, bila kujishughulisha kuisoma sentensi hadi mwisho.

Tazameni madhara yake. Kiingereza kinaposema "state-sanctioned killings", kinazungumzia mauaji yaliyopata baraka za serikali, na hiyo ni tuhuma nzito dhidi ya serikali husika. Nimesoma tafsiri iliyoandika "mauaji yaliyowekewa vikwazo na serikali". Mtuhumiwa amefanywa mtetezi wa haki, na ndugu wa waliouawa wamedhulumiwa mara ya pili, safari hii kwa kalamu. Kosa la namna hiyo nani anathubutu kuliita dogo?

Hata hivyo, mzigo wote hauwezi kutwishwa wafasiri, maana wanaoandika Kiingereza chenyewe ndio wanaotega mtego. Katika michezo, shindano lililotambuliwa na shirikisho huitwa "sanctioned", na mchezaji aliyefungiwa naye husemwa kuwa amekuwa "sanctioned". Matokeo yake, mtu anaweza kuandika kanuni isemayo kwamba atakayeshiriki shindano lisilo "sanctioned" atakuwa "sanctioned", na sentensi hiyo ikawa sahihi kabisa kisarufi. Mchezaji kijana ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu ataijuaje hatari iliyo mbele yake, ilhali kibali na adhabu vimevishwa neno lilelile?

Watetezi wa neno hili hukimbilia historia, nami historia hiyo siikatai. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "sancire", chenye maana ya kulifanya jambo kuwa takatifu lisivunjwe, na kwa Warumi "sanctio" ilikuwa ile sehemu ya sheria iliyotaja adhabu ya mwenye kuivunja. Kuipa sheria nguvu na kumtisha mvunjaji vilikwenda pamoja tangu mwanzo. Lakini historia hiyohiyo inawahukumu. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1789, alilitumia neno hili kwa vyanzo vinne vya raha na maumivu vinavyomsukuma mtu kutii, yaani vya kimaumbile, vya kisiasa, vya kimaadili na vya kidini, kwa hiyo hata thawabu ilikuwamo. Mwaka 1832 John Austin, naye mwanafalsafa wa sheria wa huko, alilikataa jambo hilo, akashikilia kwamba neno libaki kwa madhara yanayompata asiyetii amri. Ikiwa magwiji wa sheria wa Uingereza hawakukubaliana wao kwa wao, mwandishi wa kanuni wa leo anapata wapi ujasiri wa kutuambia kwamba muktadha utajieleza?

Ni kweli zipo dalili za kumsaidia msomaji. Nomino ikiwa katika wingi, hasa ikifuatana na kitenzi "impose", karibu kila mara ni adhabu au vikwazo. Ikiwa katika umoja, kama katika "official sanction", mara nyingi ni idhini. Nalo "unsanctioned" humaanisha lisilo na kibali. Mfasiri asiyeyajua haya hana udhuru. Tatizo kubwa limo katika kitenzi, hasa kikiwa katika kauli ya kutendwa, kwa sababu "the deal was sanctioned" inaweza kusomwa na mtu makini kabisa bila kujua kama makubaliano yalipitishwa au yalipigwa rungu.

Wala msiniambie kwamba neno hili haliepukiki. Ibara ya 41 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, ambayo ndiyo msingi wa vikwazo vya Baraza la Usalama visivyotumia silaha, inataja kukatwa kwa uhusiano wa kiuchumi na wa kidiplomasia, na kwa mawasiliano ya reli, bahari, anga na posta, bila kuliandika "sanctions" hata mara moja. Walisema hatua zenyewe, na dunia ikaelewa.

Basi wanaoandika kanuni kwa Kiingereza waandike "approve" wanapoidhinisha na "penalise" wanapoadhibu. Wafasiri nao wachague kati ya idhini, kibali, adhabu na vikwazo baada ya kujua nani anamfanyia nani nini, na pale ambapo Kiingereza chenyewe hakieleweki, wamrudishie mwandishi swali kabla ya kuchapisha chochote. Kama kuna mfasiri humu anayeona ninadai makubwa mno, ajitokeze aeleze ni kwa msingi gani.