Tupeane uzoefu: vifaa vya mtandao vinavyokufa kabla ya siku zake

Kapasita105: Wakuu, ruta inayojizima na kuwaka kila watumiaji wakizidi, msikimbilie programu. Pimeni adapta ikiwa na mzigo. Ya volti 12 isiyobeba kitu husoma 12 safi. Ibebeshe ampea 1 uone inavyoporomoka. Ndani, kapasita (kikopo kinachotunza chaji ya umeme) ya upande wa kutoa imevimba kichwa au imevuja chini. Weka yenye maikrofaradi zile zile, ya kuhimili joto la nyuzi 105, ESR (ukinzani wa ndani) ndogo, volti sawa au zaidi. Mstari wa hasi usiukosee, itapasuka.

Nyaya_mbili: Kweli kabisa. Na isiyovimba nayo huwa imekufa, ESR haionekani kwa macho.

Pingamizi: Volti zaidi? Ya 25 mahali pa 16 si utaunguza ruta?

Kapasita105: Mkuu, volti ya kwenye kapasita ni kikomo cha inachostahimili, haitoi kitu. Tatizo ni unene tu, kifuniko kinagoma kufunga.

Mlinzi wa Raki: Mnabishania kapasita na Atom C2000, chipu ya Intel iliyomo kwenye vifaa vingi vya mtandao, mmeisahau! Januari 2017 Intel waliiweka kwenye orodha ya kasoro kwa namba AVR54: pini za LPC (njia ya mawasiliano ndani ya kifaa) zinazotoa mapigo ya saa huchakaa hadi zinanyamaza. Hapo mfumo unasimama au hauwaki kabisa. Februari Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mtandao, nao wakatangaza kijenzi cha mapigo ya saa chenye hitilafu, muuzaji hawakumtaja. Ruta ISR 4331 na kinga-mtandao (firewall) ASA 5506-X zimo. Walitarajia vifo vianze kuongezeka baada ya miezi kama 18 ya kazi, na kikishakufa hakifufuki. Ubaya wake hakuna dalili: hakuna joto, hakuna harufu, taa zote kijani mpaka dakika ya mwisho. Linganisha namba ya utambulisho (serial number) ya kifaa na tangazo la mtengenezaji. Nakala ya usanidi ikae nje ya kifaa, na kabla ya kuzima kwa matengenezo cha akiba kiwe mezani.

Ohmu100: Hakifufuki? Kikinza (resistor) cha ohmu 100 kwenye mstari wa saa kimefufua vingi vya C2000.

Mlinzi wa Raki: Huo ni mkongojo, pini inaendelea kuchakaa. Dawa ni chipu ya toleo C0. B0 ndiyo mgonjwa.

Ohmu100: Mkongojo unatosha kunakili data, mkuu.

Nyaya_mbili: Turudi kwa kapasita basi. Ukipunguza joto nyuzi 10 umri wake huongezeka karibu maradufu. Acheni kupandanisha swichi juu ya ruta kama sufuria.

Pingamizi: Yangu ina feni.

Kapasita105: Inazunguka?