Niandike mataji mangapi? Naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Mimi ni fundi wa kuchora mabango hapa Majengo, Dodoma. Kinyozi mmoja kanipa kazi ya ukutani: Oklahoma City Thunder, timu ya kikapu ya NBA kule Marekani, na mataji yao ya ubingwa, maana Hasheem Thabeet wetu aliwahi kuchezea pale. Kinyozi anataka mawili, 1979 na 2025. Vijana wa kijiweni wamembishia hadi povu: la 1979 lilichukuliwa Seattle, timu ikiitwa SuperSonics, ikahamishiwa Oklahoma City 2008 na kuitwa Thunder, jina na rangi vikabaki kule. Buluu nishapaka, na vumbi letu hili limeshagandia rangi mbichi. Niandike yote mawili, au la Seattle nilitenge pembeni kwa kijani na njano? Advansi nimeshaila.