Naombeni ushauri: mdogo wangu yuko sizoni ya 6 ya Game of Thrones, nimwache amalize?

Dada wa Rau
Wakuu, habari za jioni. Kama hujamaliza Game of Thrones, ile tamthilia ya kugombea kiti cha enzi, upite uzi huu, nitautaja mwisho.

Niko Moshi. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Alinikuta na flashi yenye sizoni zote nane, na sasa kila baada ya chakula cha usiku tunakaa sebuleni mpaka usingizi utushinde. (Mama hakai nasi, na mlioiona mnajua sababu.) Amefika ya 6. Anampenda Daenerys, yule binti wa kifalme mwenye majoka, kupita kiasi. Siku Daenerys alipowaweka huru watumwa wa mji wa Astapor, mdogo wangu alisimama akapiga makofi. Ana daftari anaandikia hadithi, na siku hizi kila shujaa wake ni binti aliyedharauliwa akainuka.

Mimi niliumia mwaka 2019 na bado naumia. Sisemi Daenerys asingeweza kuharibika. Lakini kumbukeni mwisho wa sizoni ya 4: baba analeta mifupa ya mtoto wake iliyoungua, na huyu mama anawafungia majoka wake wawili shimoni huku analia. Kwa ajili ya mtoto mmoja! Sizoni ya 8 mji mkuu, King's Landing, umesalimu amri, kengele zinalia, naye anachoma mitaa iliyojaa watoto. Kutoka mwanamke yule hadi huyu kulihitajika safari ndefu, na sisi hatukuonyeshwa safari hiyo.

Nimwambie aishie sizoni ya 6? Nimwandae kwa kumwambia kinachokuja? Au ninyamaze?

Mzee wa Kiboriloni
Binti, mwache amalize. Dalili zilikuwepo. Pale mji wa Meereen aliwasulubisha mabwana 163 wenye watumwa. Akina Tarly, baba na mwana, walikataa kumpigia magoti akawachoma. Halafu mtu amempoteza Jorah, mlinzi wake, joka wa pili kauawa, rafiki yake Missandei kakatwa kichwa mbele ya macho yake. Nani angebaki na akili timamu?

Msomaji wa Njiro
Shikamoo mzee wangu. Nakubali dalili zilikuwepo, ila dalili peke yake haitoshi kunifikisha pale. Tazama hesabu: sizoni sita za kwanza zilikuwa na episodi 10 kila moja, ya 7 ikapewa 7, ya 8 ikapewa 6. HBO, wenye kituo, walikuwa tayari kuendelea. Watayarishaji, David Benioff na D. B. Weiss, ndio waliotaka kufunga.

Na haraka ile inaonekana kwenye njia. Sizoni ya 1 Mfalme Robert anasafiri mwezi mzima kutoka King's Landing hadi Winterfell, kule kaskazini. Sizoni ya 7 Gendry anakimbia hadi kwenye ule ukuta wa kaskazini kuomba msaada, kunguru anaruka na ujumbe hadi Dragonstone, kisiwa cha Daenerys, Daenerys anakuja na majoka, na wenzake Gendry, akina Jon Snow, bado wamezingirwa palepale kwenye barafu. Zamani barabara ndiyo iliyowabadilisha watu. Jaime, aliyekuwa mlinzi wa mfalme, alimchukia Brienne, yule mwanamke mpiganaji, wakatembea pamoja, akakatwa mkono, mpaka siku moja bafuni akamweleza kwa nini alimuua mfalme wake. Ukifuta barabara, mtu anageuka kwa amri ya mwandishi tu.

Mimi ningemsimamisha mwisho wa sizoni ya 6, merikebu za Daenerys zinapong'oa nanga. Pale pametulia. Kwenye vitabu vilivyozaa tamthilia hii asitegemee faraja ya haraka: cha tano kilitoka 2011, cha sita bado.

Mama Pacha
Dada, usimsimamishe. Ataukuta mwisho kwenye simu ya rafiki, na hapo atakulaumu wewe. Wala usimwambie kitu.

Ila umetaja daftari, na mimi nimeling'ang'ania hilo. Mkimaliza sizoni ya 6, mpe siku kadhaa aandike mwisho wake yeye: nani akikalie kile kiti cha enzi, na Daenerys afanywe nini. Aandike kabla hajaona. Akija kukasirika, atakuwa na kitu mkononi cha kulinganisha, na atajua hasira yake inatoka wapi. Mimi nilikasirika mwaka mzima bila kujua kinachoniuma ni kifo cha Daenerys au namna walivyotufikisha pale.

Na sizoni ya 8 msiikimbize. Sisi tulisubiri wiki nzima kati ya episodi na episodi. Ya pili hasa, usiku wa kuamkia vita, Jaime anapompa Brienne heshima ya ushujaa aliyonyimwa maisha yake yote. Hiyo muiangalie peke yake, kisha mlale.

Kijana wa Pasua
Akimaliza asirukie House of the Dragon, tamthilia ndugu ya hii. Sizoni ya kwanza episodi 10, ya pili wameshapunguza zikawa 8. Mimi nasubiri iishe yote ndipo niangalie.

Dada wa Rau
Asanteni sana wote. Mzee wangu, nimekusikia kuhusu Missandei, ila huzuni ile ilikuwa ya Cersei, malkia aliyeamuru Missandei auawe, kuilipa, na Cersei alikuwa anaonekana dirishani. Hapo tu ndipo siafikiani nawe.

Mama Pacha, nalichukua la daftari kama lilivyo. Nimeshamnunulia jipya, la kwanza limejaa. Sijamwambia la nini. Leo ni episodi ya 9, vita vya Jon na adui yake Ramsay, na umeme upo, kwa hiyo naagana nanyi hapa.